Gauni Lisilo na Zipu

Wakata mafunjo ndio walioliona kwanza. Lilikuwa limetandazwa chini kabisa ya uwanja wa maonyesho, mahali ardhi ngumu inapoishia na kinamasi kuanza: gauni jeupe la satini, refu hadi vifundoni kama sheria ilivyowataka wanawake wavae miaka ile, na mbele yake yote imetapakaa damu iliyokwisha kukauka ikawa rangi ya kahawa. Hawakuligusa. Kampala ilikuwa imewafundisha watu kupita mengi bila kuyagusa. Walimwambia mlinzi wa lango, mlinzi akawaambia wanajeshi, na wanajeshi, kinyume cha desturi yao, wakaita polisi.

Inspekta Lakot alivua viatu, akamkabidhi dereva wake, akaingia topeni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mmoja wa wanawake wachache waliobaki katika idara ya upelelezi. Mumewe, sajenti wa jeshi, aliitwa kwenye gwaride asubuhi moja katika mwaka wa kwanza wa utawala wa kijeshi, na gwaride lile halijaisha hadi leo. Yeye alibakizwa kazini kwa sababu alihitajika mtu wa kuwahoji wanawake, na kwa sababu alikuwa amejifunza kutouliza swali ambalo jibu lake lina bunduki.

"Ni lake?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni lake," alijibu Meja Onzima kwa Kiswahili chake cha kambini. Alikuwa amesimama nyuma, penye nyasi kavu, buti zake zikimetameta. Meja ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. "Jana mimi mwenyewe nilimvika taji. Watu wote naona."

Ni kweli, watu wote waliona. Kila mwaka, katikati ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa na mihogo mikubwa kama mapaja, kamati ilichagua Malkia wa Maonyesho. Tuzo yake ndiyo iliyowafanya hata wazee wa kanisa na wa msikiti waruhusu binti zao watembee jukwaani: ufadhili wa kusomea uuguzi Ulaya, na nauli ya ndege juu. Katika mji ambao maduka yalikuwa matupu tangu Wahindi wafukuzwe, na watu wakipungua kama sukari, hilo lilikuwa dirisha pekee lililoachwa wazi. Mwaka huu aliyeshinda ni Aloyo, binti wa mwalimu. Alivikwa taji, akapunga mkono, akaenda nyuma kubadili nguo ili apelekwe kwenye chakula cha wageni. Gari lilimngoja. Hakutokea.

"Makondo," alisema Meja. Ndivyo mji ulivyowaita majambazi wenye silaha. "Iko makondo tu. Lakini mimi nataka huyu msichana. Kama yuko hai, lete. Kama nakufa, lete. Kabla ya jua kuzama, wewe nakuja Mbuya kwangu na jibu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai, kisha akaondoka.

Lakot alisubiri gari la Meja lipotee, ndipo akaligeuza gauni. Kwanza alipitisha kiganja mbele yote, pole pole. Hakukuwa na tundu. Kisu kinachomtoa mtu damu nyingi kiasi kile hupita kwenye nguo kabla hakijafika mwilini, na risasi nayo ni hivyo hivyo. Kisha akatazama mgongo. Gauni lilikuwa wazi kutoka shingoni hadi kiunoni, wala hakukuwa na zipu, wala vifungo. Kando zote mbili zilikuwa na nyuzi fupi fupi zilizosimama kama nywele za nguruwe. Kila uzi ulikuwa umekatwa katikati, mmoja mmoja, na kitambaa chenyewe hakikuguswa hata mahali pamoja.

Katika bonge la damu chini ya kifua palikuwa na kitu kimenasa. Alikibandua kwa ukucha. Kilikuwa unyoya laini, mdogo, wa aina ile inayofunika tumbo la kuku.

Aliufunga ndani ya leso kabla dereva hajasogea karibu. Hakujua bado anamficha nani. Alichojua ni kwamba Meja alikuwa na haraka, na mtu anayetafuta maiti hana haraka. Haraka ni ya yule anayetafuta aliye hai.

"Afande, umepata kitu?" aliuliza dereva.

"Nimepata tope," alisema Lakot. "Nipe viatu."

Dereva aliitwa Konstebo Opio. Alikuwa ameletwa kwake mwezi uliopita, bila yeye kuomba dereva mpya. Hakuna aliyesema ametoka idara gani, na Lakot hakuuliza.

*

Wasichana walikuwa wamevalia katika banda la kazi za mikono, kati ya vikapu na vitambaa vya meza. Hajati Fatumah, mlezi wao, alimpokea Lakot mlangoni, akawa anazungumza kabla hajaulizwa: kwamba yeye aliwahesabu wote, kwamba lango lilikuwa na askari, kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani.

"Nani alitoka naye?"

"Hakuna, nyabo," alisema Hajati, akimwita bibi kwa Kiganda. "Alisema anakwenda msalani. Gari la Meja liko pale pale mlangoni linanguruma. Angepitia wapi?"

Nyuma ya Hajati alikaa msichana mwenye mkono uliofungwa bendeji, bado na wanja wa jana machoni. Huyu alikuwa Awiti, aliyeshika nafasi ya pili. Bendeji ilikuwa na damu mbichi. Opio aliitazama, akamtazama Lakot, akakohoa.

"Mkono umefanyaje?" aliuliza Lakot.

"Nilivunja kioo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa wa pili, mama." Alinyanyua kidevu. "Mnafikiri nimemchinja. Tangu asubuhi wote wananiangalia hivyo. Kioo kile pale, na damu yangu iko juu yake."

Kioo kilikuwepo, kimepasuka nyota, na damu yake ilikuwepo. Lakot aliinama akaitazama, kisha akaona gauni la bluu limetupwa juu ya kiti, akaligeuza mgongo. Nalo halikuwa na zipu. Lakini mgongo wake ulikuwa umechanwa ovyo, nyuzi zinaning'inia, na satini imekatika sehemu mbili.

"Hili ni lako? Nani amelipasua?"

"Mimi. Kwa wembe. Ningetokaje?" Awiti aliona kwamba inspekta haelewi, akaeleza. "Zipu hazipatikani mjini, mama. Hata kwa magendo. Kwa hiyo Mama Hortense, fundi wetu, alitushonea tukiwa tumesimama. Unavaa, anakushona mgongoni kwa mkono, unakwenda jukwaani. Ukimaliza unakatwa. Jana nilipomtafuta anikate sikumwona, ndipo nikachukua wembe."

"Hukumwona baada ya taji?"

"Hakuwepo."

Hajati Fatumah alisogeza kiti kwa kelele. "Fundi alimaliza kazi yake akaenda kwake. Ni Mkongo tu, anashona. Afande, haya ya nguo yana maana gani?"

"Hayana maana," alisema Lakot. "Nguo hizi ni nani aliyenunua kitambaa?"

"Wazazi," alidakia Awiti. "Kila mtu alileta chake. Isipokuwa la Malkia. La Malkia lililetwa na askari wa Meja, likiwa limeshonwa tayari. Aliyeshinda mchujo ndiye alipewa, na Mama Hortense akalipunguza kiuno. Mimi nililijua gauni lile, hata mwaka jana Adyero ali…"

"Awiti," alisema Hajati.

Ng'ombe wa banda la jirani walisikika wakitafuna.

"Adyero ni nani?" aliuliza Lakot, ingawa alikumbuka. Picha yake ilikuwa katika magazeti yote mwaka uliopita.

"Malkia wa mwaka jana," alisema Hajati. Alikuwa anatazama mlango, si Lakot. "Yuko Ulaya, anasoma uuguzi."

"Amewahi kutuma salamu?"

"Watoto wakifika huko husahau walikotoka."

"Hata mama yake hajamsikia?"

Hajati Fatumah alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, taratibu, ingawa hakikuwa kimelegea. "Nyabo," alisema kwa sauti ya chini, "mimi pia nina watoto. Uliza mambo ya Aloyo."

*

Njiani kwenda Kamwokya alikokaa fundi, Lakot aliyaweka magauni mawili kando kando kichwani. Awiti alikuwa peke yake, ana hasira, akalipasua lake kwa wembe. Aliyemvua Aloyo alikuwa na mkasi mdogo wenye ncha kali, na mazoea. Alikuwa na kila sababu ya kuharakisha, kwa kuwa gari lilikuwa likinguruma upande wa pili wa ukuta, na bado alikata uzi mmoja baada ya mwingine. Muuaji hajali satini.

"Afande anamshuku yule wa mkono?" aliuliza Opio.

"Wewe unamshuku?"

"Mimi ni dereva."

"Basi endesha."

Chumba cha Hortense kilikuwa nyuma ya soko, kati ya muuza makaa na kinyozi ambaye redio yake ilipiga muziki wa Kongo tangu asubuhi. Kulikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na pazia kwenye kona ya kupimia. Fundi mwenyewe, mama mnene wa makamo, alisimama alipowaona, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kwenye cherehani cha pili msichana aliyefunga kilemba hadi kwenye nyusi aliendelea kukanyaga bila kuinua uso.

Opio aliegemea mlangoni. Mwanga wa nje ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo Lakot hakuweza kuona macho yake yanatazama wapi.

"Mama Hortense? Jana ulikuwa uwanjani."

"Nilikuwa, mama afande. Nilishona batoto migongoni, kisha nikarudi."

"Ulimkata Aloyo gauni?"

"Hapana. Sikumuona tena. Nilisikia asubuhi kwenye redio ya huyu kinyozi." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mkono ulikuwa umeshika mwisho wa futi na kuuzungusha kidoleni.

"Na huyu?"

"Monique, mutoto wa dada yangu. Amefika toka Beni. Kiswahili ya hapa haijui muzuri."

Lakot alisogea kwenye cherehani. Msichana alikanyaga kwa bidii, kitambaa cha kijani kikapita chini ya sindano, sindano ikapanda na kushuka kwa mlio wake. Kitambaa kilipotokea upande wa pili kilikuwa na mstari mnyoofu wa matundu madogo. Mashine haikuwa na uzi.

Alitazama vidole vilivyoshika kitambaa. Vilikuwa vimesuguliwa kwa kitu kikali, labda mafuta ya taa, lakini pembeni mwa kucha rangi nyekundu ilikuwa imebaki.

Mlangoni Opio alibadili mguu.

"Fundi," alisema Lakot kwa sauti ya kawaida, "kwa kuwa nimefika, nipime. Nina harusi ya ndugu na sina nguo. Opio, au unataka kusimama hapo ukitazama afande wako akipimwa kifua?"

Opio aliinamisha kichwa, akatoka hadi kwa kinyozi. Hortense alivuta pazia. Mikono yake ilipompitishia Lakot futi kiunoni ilikuwa ya baridi.

"Kuku ulimchinja wewe?" alinong'ona Lakot.

Futi ilisimama. Lakot alifungua leso, akamwonyesha unyoya.

"Na uzi wa mgongoni umekatwa na fundi. Mtu mwingine yeyote angepasua. Kama mimi nimeona, mwingine ataona."

Hortense aliutazama unyoya. "Kitambaa hakina kosa, mama," alisema. "Nilijua ni lazima nipasue. Mukono ulikataa."

"Niambie yote. Upesi, na usiache kupima."

Hortense alipima bega, akapima mkono, na maneno yakamtoka kidogo kidogo. Gauni lile alilishona yeye, mwaka uliopita, kwa ajili ya Adyero. Adyero alikuwa na rozari ya marehemu mama yake mkubwa, akaomba ashonewe kifuko ndani ya bitana, upande wa moyo, asipande jukwaani bila hiyo. Hortense alimshonea. Usiku ule wa mwaka jana Adyero alipanda gari la chakula cha wageni akiwa bado ndani ya gauni, na baadaye kamati ikatangaza kwamba amepanda ndege kwenda Ulaya. Hortense aliamini. Kwa nini asiamini?

"Halafu mwezi huu askari analeta mufuko. Anasema, hii ni nguo ya Malkia mupya, punguza kiuno. Ninafungua, ni ile. Imefuliwa. Lakini mugongo, mama, uzi wangu wote umekatika kwa kuvutwa. Kwa mikono ya mutu. Na kwenye bega kitambaa kimeachana. Ninaingiza kidole kwenye kifuko. Rozari bado iko."

Nje redio ya kinyozi ilibadili wimbo.

"Mutu anaweza kuacha nguo akaenda Ulaya," alisema Hortense. "Rozari ya mama yake mukubwa haiachi."

Mlio wa cherehani ulikuwa umekoma. Pazia lilisogea na msichana akaingia, kilemba mkononi. Bila taji na bila rangi ya midomo Aloyo alionekana mdogo kuliko picha zake.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili safi cha binti wa mwalimu, "mimi ndiye niliyekubali kutoroka. Alinionyesha rozari nikamwambia nitoe hapa, tukapitia kinamasini. Kama ni lazima unipeleke, nipeleke, lakini huyu mwache. Useme ulinikuta barabarani."

"Unajua ninatakiwa kukupeleka kwa nani?"

"Najua."

Lakot alimtazama. Meja alikuwa amesema kabla ya jua kuzama. Meja alikuwa anajua anapoishi, anapolala, na njia anayopita kwenda kazini. Lakot alifunga leso yake, akairudisha kifuani.

"Nikikukuta hapa nitakutambua," alisema. "Kwa hiyo sijakukuta. Mnatokaje?"

"Ndugu yangu Katembo ana lori," alisema Hortense. "Leo saa kumi anapita Natete, anasimama kutia maji kwenye rejeta, kisha Mubende, Fort Portal, mupaka. Askari ba njiani banamujua, anabaletea samaki ya kukausha. Huyu atapanda Natete kama muke ya Katembo."

"Vizuri." Lakot alivuta pazia nusu, akageuka. "Aloyo. Rudi kwenye mashine, tia uzi."

*

Nyumba ya Meja ilikuwa juu ya kilima cha Mbuya, ikitazama mji wote. Gauni alilolileta Lakot lilikuwa juu ya meza mbele ya Meja, limekunjwa. Jua lilikuwa bado juu. Lakot alikuwa amekuja mapema kwa makusudi, kabla ya mtu mwingine kutumwa.

"Amekufa, afande," alisema. "Makondo, kama ulivyosema mwenyewe."

"Maiti?"

"Kinamasi kile kinaingia ziwani, na mvua imenyesha juma zima. Nimewaweka watu wa mafunjo watazame, lakini sitegemei."

Meja alilifungua gauni, akatia kidole chake kinene kwenye damu. "Hapana tundu."

"Siku hizi nguo ni mali, afande. Wanamvua mtu kwanza, ndipo wanamuua. Waliona limeingia damu, wakaogopa kuliuza, wakaliacha."

Meja alifikiri. Kuku mmoja alilia mahali fulani nyuma ya nyumba. Lakot aliutazama ukuta.

"Wewe iko na akili," alisema Meja. "Wakubwa wako nasema hivyo, na mimi naona. Basi. Msichana nakufa. Mambo nakwisha."

"Ndiyo, afande."

"Kaa. Iko neno moja." Alisubiri akae. "Kesho kutwa tunafunga maonyesho. Wageni wa nje nakuja, magazeti nakuja. Kiti ya Malkia hawezi kuwa tupu."

"Yupo aliyekuwa wa pili. Awiti."

"Huyu ana mkono mbaya. Na mdomo mbaya. Hapana." Meja alitabasamu kidogo. "Wewe iko na binti. Alanyo. Nasoma kwa masista, Lubaga. Mrefu kama mama yake."

Lakot hakuwa amewahi kulitaja jina hilo mbele ya mtu yeyote wa jeshi.

"Bado ni mtoto, afande. Yuko darasani."

"Malkia wote ni watoto. Na yeye nasoma sana, nasikia. Ulaya iko mzuri kwa mtu ya kusoma." Alilikunja gauni upya, akalisukuma hadi upande wa Lakot wa meza. "Wewe nafua hii. Kesho asubuhi gari nakuja nyumbani kwako kuchukua yeye."

Lakot aliinuka. Alilichukua gauni kwa mikono miwili.

"Ndiyo, afande," alisema.

*

Opio alimwona akitoka, akaona alichobeba, akafungua mlango wa gari bila kuuliza. Walishuka kilima. Walipofika barabara kubwa alipunguza mwendo.

"Ofisini, afande?"

"Lubaga. Nataka kusali."

Alijua kwamba uongo ule ulikuwa mwembamba. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akisali katikati ya juma. Opio aliendesha hadi juu, karibu na kanisa kuu, lakini hakusimama mbele ya kanisa. Alipita, akaegesha chini ya ukuta wa shule ya masista, kwenye kivuli, akazima injini.

"Afande," alisema akitazama mbele, "mimi nimeambiwa nikufuate kila mahali. Nafikiri wewe unajua."

"Najua."

"Lakini tangu jana nina homa. Malaria hii ya mvua." Alishusha kofia ikafunika macho. "Nikilala na malaria silali kidogo. Mpaka kengele ya jioni ya kanisa sisikii kitu."

Lakot alimtazama. Kama ulikuwa mtego, ulikuwa mtego uliotegwa vizuri. Kama haukuwa mtego, hakutapatikana nafasi nyingine. Alishuka.

Sista wa zamu alimwita Alanyo kutoka darasani bila maswali; miaka ile mzazi akija katikati ya masomo, masista walikuwa wamejifunza kutomchelewesha. Msichana alitoka na wino vidoleni. Lakot alimshika mkono wakateremka kwa njia ya miguu kuelekea Natete, kati ya migomba, na kabla hawajafika barabarani alikuwa amemwambia yote yaliyohitaji kusemwa. Alanyo alisikiliza. Alikuwa binti wa baba yake, hakulia upesi.

Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, boneti wazi, mvuke unapanda. Mwanamume mwembamba alikuwa akimimina maji kwenye rejeta. Juu, kati ya magunia, Aloyo alikaa amevaa kitenge na kilemba, na Hortense karibu naye. Hortense alipomwona Lakot alishika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekwisha kamatwa.

"Katembo," alisema Lakot kwa yule mwanamume. "Mimi ni mteja wa dada yako. Nafasi imebaki?"

Katembo alimtazama dada yake, akamtazama msichana wa sare ya shule. "Ya mutoto huyu?"

"Ya mtoto huyu."

Hortense ndiye aliyejibu. Alivua kitenge chake cha juu, akakitupa chini. "Avae. Ile sare iende ndani ya gunia."

Alanyo alijifunga kitenge juu ya sare, vidole vikihangaika na fundo, Lakot akalifunga yeye.

"Na wewe, mama?"

"Nikipotea mimi leo, watapiga simu mpakani kabla nyinyi hamjafika Mubende. Wakija asubuhi wakanikuta nyumbani, wataniuliza kwanza. Mimi najua namna ya kuulizwa. Ni kazi yangu."

"Watakufanya nini?"

Lakot alilikaza fundo. "Panda."

Aloyo aliinama kutoka juu ya magunia, akamnyoshea mkono. Alanyo aliushika, akapanda. Katembo alifunga boneti, na lori likaondoka taratibu, likikohoa moshi, hadi likachukua kona na kuwa sawa na malori mengine yote yanayokwenda magharibi. Lakot alisimama pale mpaka muuza ndizi mmoja alipoanza kumtazama sana, ndipo akageuka na kupanda kilima peke yake.

Opio alikuwa bado amelala, au amelala kwa namna yake. Kengele ya kanisa ilipopiga alinyanyua kofia, akaona Lakot yuko peke yake na gauni kwenye kiti cha nyuma, akawasha injini.

"Wapi, afande?"

"Nyumbani. Kesho asubuhi kuna gari linakuja. Nataka linikute nipo."

Opio alitia gia. Waliteremka hadi chini ya kilima kabla Lakot hajasema tena.

"Na wewe watakuuliza, Opio."

"Watauliza," alisema Opio. Alifuta kioo kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. "Mimi nilikuwa nimelala, afande."